Nguzo ya Saba

Vinusakutu arobaini, roboti za kutafuta bolti zilizooza, vilitambaa juu ya sitaha ya MV Nyakabanga, kila kimoja na ukubwa wa kobe. Kinusakutu kilipofika kwenye bolti kiliigonga mara mbili, kikasikiliza mlio wake ndani ya mbao. Bolti ikiwa imeliwa na kutu, kiliing'oa, kikakausha tundu kwa hewa moto, kikamimina gundi ya kuzibia na kukaza bolti mpya ya titani. Kazi ya miezi miwili iliisha kwa siku tatu, na abiria wa Mwanza waliozoea kufungua miavuli chini ya sitaha iliyovuja wangeiacha nyumbani.

Aliyevibuni ni Injinia Minza Kwilasa, na alivibuni kwa hasira. Miaka sita nyuma mdogo wake Holo, mkaguzi wa tiketi, aliegemea nguzo ya saba ya ukingo wa meli hii hii. Nguzo ikainama nje, akazama ziwani. Tume ya uchunguzi ilipofika ilikuta nguzo imesimamishwa na vichwa vya bolti viking'aa, kwa maana bolti ya aina ile huoza shingo huku kichwa kikibaki kizuri. Mwenye meli, Mzee Lubango, aliapa kwamba bolti zote ni mpya na kwamba binti alikuwa amelewa. Mama yao alikufa akisikia mwanawe anaitwa mlevi.

Sasa meli ilikuwa kwenye gati kavu, sitaha yake mita tisa juu ya sakafu ya zege. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: mwenye meli hakabidhiwi chombo mpaka aegemee kila nguzo kwa mgongo, uzito wote, mafundi wakitazama. Lubango aliegemea sita akitania. Kwenye ya saba akasimama.

"Karibu, mzee," alisema Minza.

"Hii tuiache, injinia. Nimeona vidude vyako vikiiruka."

"Vimeiruka kwa sababu nimeviagiza. Haina haja ya bolti mpya. Si uliiapia tume kwamba zilizopo ni mpya?"

Lubango alijifuta jasho shingoni.

"Mwanangu, mambo ya zamani hayo."

"Basi egemea. Mkweli haogopi nguzo yake."

Lubango alitazama chini kwenye zege, akawatazama mafundi, hakuona wa kumtetea. "Zilikuwa zimeoza. Nilijua tangu kabla ya safari ile. Niliisimamisha kwa gundi kabla tume haijafika. Binti hakuwa amelewa."

Kinusakutu kimoja miguuni pake kilikuwa kimerekodi kila neno. Jina la Holo lilikuwa limesafishwa mbele ya watu kumi na wanne, na kwa rekodi hiyo lingesafishwa hata mahakamani. Ndicho alichokiomba Minza kwa miaka sita. Alisubiri moyo utulie, nao haukutulia.

"Asante, mzee," alisema. "Sasa egemea."

Hakuna aliyecheka. Macho yaliyokuwa yakimchoma Lubango yalimgeukia Minza. Ngasa, msimamizi wa karakana, aliyelibeba jeneza la Holo, alikuja akasimama kati ya mzee na nguzo.

"Dada Minza," alisema taratibu, "umeshakipata ulichokitaka."

"Bado," alijibu Minza, na aliposikia sauti yake mwenyewe alijua kwamba hatanii.