Mstari wa Mwisho wa Kirihara

Kirihara alikuwa peke yake chumbani, lakini chumba kilinukia mafuta ya nywele ya kike.

Numata, mkuu wa filamu, ndiye aliyemfungia humo, katika nyumba ya wageni mjini Atami. Ndiyo desturi yao: mtunzi wa muziki akichelewesha kazi hufungiwa na karatasi zake, akaletewa wali na samaki mpaka amalize. Filamu zilizompa jina alizitungia hivyo hivyo, kifungoni. Safari hii mkewe, Shizue, alikuwa Tokyo na mimba pevu, na Kirihara alitaka jambo moja tu: kumaliza awahi uzazi.

Filamu ilimhusu mama aliyekufa kwa majonzi zamani, baada ya kunyang'anywa mwanawe mchanga.

"Wote tumekwenda kaburini kwake kumwomba radhi kabla ya kumwigiza," alisema Numata. "Kuhani katutaja majina, mmoja mmoja."

"Na langu?"

"Asiyekuwapo na lake halipo, Mwalimu! Kwani mzuka anasoma noti?" Akacheka, akafunga mlango kwa ufunguo.

Mchana ule, mvua ikinyesha, mwanamke aliimba wimbo wa kubembeleza nyuma ya mlango wa ndani, ule wa karatasi. Kirihara akiinua kalamu kutoka karatasini, sauti hunyamaza. Akiandika, huendelea, na kwa hofu akagundua kwamba mkono wake ulikuwa ukiandika kile kile kilichoimbwa, kitamu kuliko chochote alichowahi kutunga, na kwamba yule mwimbaji hakuwa tena nyuma ya mlango bali nyuma ya shingo yake, akipumua.

"Maliza, baba," alinong'ona. "Ukimaliza tutatoka. Twende kwa Shizue, nikampokee mtoto."

Kirihara aliweka kalamu chini, mstari mmoja ukibaki. Asubuhi Numata alizichukua kurasa zile azitume Tokyo zikanakiliwe, na Kirihara hakumwambia habari ya ile sauti. Alijiapiza kuozea humo, lakini mstari ule hauandiki.

Jioni Numata alifungua mlango kwa kishindo.

"Hongera, umepata mtoto! Wa kike! Haya, nenda kwako."

"Sijamaliza. Nifungie, bwana, nakusihi."

"Umalize nini? Mnakili wetu kule Tokyo kakumalizia. Anasema kaandika tu, kama kuna mtu alikuwa anamwimbia sikioni."

"Lini?"

"Adhuhuri. Unakwenda wapi?"

Kirihara alimsukuma, akakimbia pekupeku mvuani hadi stesheni, akiita jina la mkewe. Treni ya Tokyo ilikuwa imeshaondoka.