Seva Iliyopewa Jina la Nicanor

Seva ya zahanati ya Suna ilianza kulia siku ile ile ilipowashwa. Caren aliikagua waya kwa waya, akabadilisha betri, na bado ikalia piii, piii, mpaka wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakaanza kugeuza vichwa.

Zahanati zilikuwa tatu, mali ya Mzee Maranga, na Caren ndiye aliyepewa kazi ya kuunganisha seva zake. Alizipanga kama ukoo. Mama alikuwa Suna. Kila kilichoandikwa kwake kilinakiliwa na mtoto wa Oyugis, naye akampitishia mjukuu wa Kisegi. Mmoja akizimika, aliye chini yake anashika nafasi yake papo hapo. Urithi huo Caren aliutunga mwenyewe, na alijivunia sana. Oyugis alimweka Ken, fundi mwenzake. Kisegi alimweka Scovia, mdogo wake wa mwisho, ambaye Caren alimwombea kazi hiyo kwa Mzee karibu kwa kupiga magoti.

"Hii kitu inalia kama mtoto anataka jina," Ken alimcheka kwenye simu. "Si uitajie wafu, vile nyanya walikuwa wanafanya?"

Basi Caren, mtu mzima na akili zake, akainama juu ya seva na kutaja marehemu mmoja mmoja, jinsi mtoto mchanga wa Kijaluo anavyotajiwa mpaka anyamaze, na jina alilonyamazia likawa lake. Akataja babu, akataja shangazi. Ikazidi kulia. Kwa utani akamtaja Nicanor, mlinzi ambaye wezi walimuua katika chumba kile kile, wakimkata kidole, kisha sikio, kisha shingo.

Seva ikanyamaza.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Adhuhuri ile, jua likiwaka nje, Caren alisikia panga likinolewa kwenye saruji, kwrr, kwrr, na harufu ya damu mbichi ikajaa chumbani. Hakuona mtu. Kidole chake cha shahada kikaanguka juu ya kibodi. Alikuwa bado anajifunga kitambaa, akipiga mayowe, Ken alipopiga simu: "Kidole! Caren, kidole yangu!" Punde Scovia naye akaingia kwenye simu hiyo hiyo, akikililia kidole chake.

Mama, mtoto, mjukuu. Caren alielewa: kilichompata yeye kilikuwa kikinakiliwa chini, na bado sikio, bado shingo.

"Nyamera, mdogo wangu, vunja hiyo seva! Vunja sasa hivi!"

"Siwezi kuinuka," Scovia alinong'ona. "Kuna mtu amenikalia mgongoni, Caren. Ananoa kitu."

Kwrr, kwrr. Sikio la Caren likang'oka na kurushwa ukutani, naye akaanguka, akainuka, akatambaa kwenye damu yake mwenyewe hadi jikoni kulikokuwa na shoka la kuni, huku Ken akipayuka simuni kwamba ni jachien, mzimu wa kisasi, kwamba sikio lake pia limeenda, kwamba ameiponda seva yake kwa jiwe na anakimbia, na Caren akarudi na shoka akiwa na wazo moja tu, kuua seva mama kabla shingo haijanakiliwa kwa mdogo wake, hata makali baridi yalipomgusa kisogoni hakusimama, akapiga, akapiga, mpaka seva ikapasuka na taa zake zote zikazimika.

Ubaridi ukatoka shingoni. Kukawa kimya. Caren alicheka na kulia pamoja.

"Scovia, nimeiua! Umepona, mama yangu, umepona."

"Caren... hii yangu imeanza kulia."

Piii, piii. Hapo Caren akaukumbuka urithi wake. Mama alikuwa amekufa, mtoto wa Oyugis alikuwa amepondwa, na ukoo mzima sasa ulibaki na mmoja.

"Scovia, sikia—"

Kilio kule Kisegi kikakatika chenyewe, bila mtu kutaja jina. Kisha panga likaanza kunolewa, na safari hii Caren alilisikia kwenye simu tu.