Jibu Ambalo Bryce Alilisahau

Bryce Nowicki hakuwahi kukosea aljebra tangu azaliwe. Ndivyo alivyojinadi kwa kila aliyeingia chumba cha masomo ya ziada cha chuo kimoja cha Milwaukee, na ndivyo alivyomwambia Marisela Obregón siku aliyomkanyaga kiatu kwenye foleni ya mapokezi.

Marisela alikuwa na sare ya zambarau ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, theluji ikimyeyukia mabegani. Macho yake sasa! Bryce akasahau hata kuomba radhi.

"Wewe ndiye mwalimu, au mlinzi wa mlango?"

"Mwalimu, mrembo. Shida yako nini?"

"Mtihani wa Ijumaa. Nikikosa sabini, kozi ya uuguzi naisikia redioni."

Bryce akaandika 3x² = 12x. "Gawa pande zote kwa 3x. x ni 4. Kwisha habari."

"Rahisi hivyo?"

"Kwangu mimi, kila kitu rahisi."

Wiki hiyo walikunywa kahawa mara nne. Ijumaa Marisela akapata sitini na nane, akaacha kupokea simu. Siku ya tatu ndipo akapokea.

"Malaika wangu, mbona kimya?"

"Malaika wako kafeli! Majibu yalikuwa mawili, umenipa moja. Marudio ni Alhamisi, hakuna mengine. Usinipigie."

Bryce akajifungia na karatasi. Peke yake, bila msaada wa mtu yeyote, akaliona kosa: ukigawa kwa x umeshaapa kwamba x si sifuri, na nani kakwambia? Jumatano akamsubiri nje ya nyumba ya wazee, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Nilikosea. Usigawe. Leta vyote upande mmoja: 3x² − 12x = 0. Kinachopatikana kote ni 3x, kitoe nje ya mabano: 3x(x − 4) = 0. Ama 3x ni sifuri, ama x − 4 ni sifuri."

"Kwa hiyo x ni sifuri, au nne." Marisela akajizuia kucheka. "Hebu rudia lile neno la kwanza."

"Nilikosea."

"Tamu hiyo. Tena, mpenzi."

Alhamisi alipata tisini na moja. Akaingia mapokezi mbio, akamrukia Bryce shingoni mbele ya watu.

"Jumapili twende kwetu," Bryce akasema. "Mama anapika pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, amwone mkwe wake."

"Unanichumbia kwa pierogi?"

"Utapata wapi mwanamume anayegundua kosa lake peke yake?"

"Peke yake?" Bi Lorraine wa mapokezi akavua miwani. "Na yule aliyenililia hapa kaunta Jumanne, mpaka nikamchorea mabano kwa kalamu yangu, alikuwa nani?"