Modisa Hakupumzika

Kila asubuhi Boitshoko alisonga ugali wa mtama kwenye vyungu viwili. Chungu kikubwa kilikuwa cha watu. Kile kidogo kilikuwa cha Modisa.

"Mke wangu, unampikia mbwa kama vile kaja kuposa," mumewe Ketlogetswe alimtania.

"Akiposa nampa," Boitshoko alijibu. "Wewe uliyeposa, umeshanilindia mbuzi wangapi?"

Modisa alikuwa mbwa jike, mwekundu wa udongo, masikio yamesimama. Jina lake ni neno la Kitswana, maana yake mchungaji. Na kweli alichunga. Mbuzi thelathini na wanane walitoka naye asubuhi na kurudi naye jioni, bila mtu nyuma yao. Mbweha wa pande zile ni wengi, tena hawana haya. Lakini kwa miaka mitatu hawakumla hata mbuzi mmoja wa nyumba hiyo. Ketlogetswe alishinda kwenye visima vya watu akitengeneza pampu. Binti yao Tshenolo alikuwa ameolewa. Boitshoko alikuwa na shamba na magoti mabovu. Bila Modisa, mbuzi wale wasingekuwepo.

Sifa za mbwa zilienea. Watu wakaanza kuja kuomba watoto wake, na Ketlogetswe alikuwa mtu wa mkono wazi. Neno "hapana" lilikuwa halimtoki kinywani.

Huko kwao, mbwa wa mbuzi halelewi na mbwa wenzake. Akifikisha wiki tatu, macho yakiwa yamefunguka juzi tu, hutolewa kwa mama yake na kutiwa zizini na vitoto vya mbuzi. Hunyweshwa maziwa ya mbuzi, hulala na mbuzi. Akikua hujiona yeye ni mbuzi mwenye meno. Kwa hiyo Modisa alinyonyesha wiki tatu tu kila uzao, kisha akarudi machungani. Watu wakasema, "Huyu hachoki. Kazi ya kulea wamemfanyia mbuzi."

Basi akazaa mwezi wa saba, watoto saba. Akazaa tena mwezi wa pili, sita. Akazaa tena mwezi wa nane, wanne, na mmoja kati yao alizaliwa amekufa.

Baada ya uzao huo wa tatu, Boitshoko aliona mambo hayaendi sawa. Manyoya yalimtoka Modisa kwa mafungu. Mifupa ya kiuno ilichomoza. Chungu kidogo kilianza kubaki na ugali.

Mwezi wa kwanza, siku za kutaka dume zilipomrudia, alikuja Mzee Moatlhodi kwa mkokoteni wa punda. Mzee huyu alikuwa baba mkwe wa Tshenolo. Alikuwa amekwisha kupewa mtoto mmoja wa Modisa, jike, katika ule uzao wa kwanza. Alimwita Tiro.

"Wakwe zangu, nimekuja kuomba tena," alisema baada ya kupewa chai. "Ndugu yangu anamalizwa na mbweha. Mnipatie mmoja, nimpelekee."

"Umepata, mkwe!" Ketlogetswe alisema kabla mzee hajaweka kikombe chini. "Uzao huu unaokuja, wa kwanza wako."

Boitshoko alimtazama Modisa, aliyelala kivulini mwa ghala. Mbavu zilihesabika. Alitaka kusema. Lakini utamkatalia mkwe nyumbani kwako, chai yako ikiwa bado mkononi mwake? Binti yako anakula kwake! Aliona haya.

"Niongeze chai, mkwe?" ndilo neno pekee lililomtoka.

Mgeni alipoondoka, alimgeukia mumewe. "Baba Tshenolo, humwoni yule mbwa? Amekonda."

"Mbwa wa kazi hanenepi. Unataka awe nguruwe?"

"Amezaa mara tatu mfululizo."

"Ananyonyesha wiki tatu tu, mama! Wewe ulimnyonyesha Tshenolo miaka miwili, mbona hukufa?"

"Mimi sikuzaa mwingine mwaka uleule."

"Nimeshatamka. Ahadi ni deni."

Boitshoko akainuka kuosha vikombe. Kwenye simu yake alikuwa na namba ya Onkemetse, mtaalamu wa mifugo aliyewachanjia mbuzi. Angeweza kumpigia akamuuliza. Hakupiga. Aliona aibu kumsumbua mtu wa serikali kwa ajili ya mbwa. Jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Modisa akapata mimba ya nne. Hakuna aliyemzuia kwenda machungani, na angezuiwa asingekubali. Jioni moja mbuzi walifika zizini peke yao. Modisa alifika baadaye sana, akitembea kichwa chini. Kitoto kimoja cha mbuzi hakikurudi.

"Kimepotea tu," Ketlogetswe alisema.

"Kimeliwa," alisema Boitshoko.

Siku ya kuzaa ilifika alfajiri, mwezi wa tatu. Modisa alijilaza ghalani. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Mtoto wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili vilevile. Kisha hakutoka mwingine, ingawa tumbo lilikuwa bado limejaa. Alikosa nguvu. Miguu yake ilianza kutetemeka, na pumzi zikawa fupifupi.

Boitshoko, na magoti yake yale, alipanda ngazi ya tangi la maji kutafuta mtandao.

"Mwanangu Onkemetse, njoo. Mbwa wangu anakufa."

"Niko mbali, mama. Nakuja, lakini nitachelewa. Mfunike, usimvute mtoto kwa nguvu."

Onkemetse alifika saa nane mchana. Alimdunga sindano ya dawa ya kumwongezea nguvu. Alimtoa mtoto aliyekwama, na mwingine nyuma yake. Wote walikuwa wamekufa. Modisa aliwalamba hivyo hivyo, mmoja mmoja. Mbuzi, ambao siku hiyo hawakutolewa, walikuwa wakilia zizini kwa njaa. Aliwasikia. Alijaribu kuinuka awaendee. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikakataa. Akalala tena, na hakuamka.

Boitshoko alilia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu. Hakujali nani anasikia.

Ketlogetswe alirudi akakuta shimo limekwisha kuchimbwa. Halafu akampandia juu mtaalamu.

"Daktari, huyu kaumwa nini? Mbona sisi tulimpunguzia kazi! Watoto tunawaondoa wiki ya tatu, wanalelewa na mbuzi. Alichoka na nini?"

"Alichoka na mimba, baba," Onkemetse alisema polepole. "Kunyonyesha ni kazi, sikatai. Lakini mtoto akiwa tumboni, anajenga mifupa yake kwa kitu gani? Kwa mifupa ya mama. Damu yake anaitoa wapi? Kwa mama. Modisa alijenga watoto zaidi ya ishirini kwa mwaka na miezi michache—"

"Mwaka na miezi minane," Boitshoko alimkatiza.

"Basi. Nyinyi mlimwondolea watoto mkadhani mmempumzisha. Hakupumzika. Na hao watoto wenyewe mliwaonea. Waacheni kwa mama yao mpaka karibu wiki ya nane. Hata mkitaka wazoee mbuzi, mwekeni mama na watoto wake ubavuni mwa zizi. Watasikia mbuzi, watanusa mbuzi."

"Sasa mbwa apumzike muda gani?" Boitshoko aliuliza huku akijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mwaka, mama. Angalau mwaka kati ya uzao na uzao. Mbwa hutaka dume kama mara mbili kwa mwaka. Akishazaa, safari inayofuata usimpe dume. Iruke. Safari ya pili, mtazame. Kama amenenepa kiasi, manyoya yanang'aa, na mbavu unazigusa kwa mkono lakini huzioni kwa macho, mruhusu. Kama bado amekonda, iruke na hiyo."

"Atazuiwaje? Madume yanaruka ua!"

"Unamfungia. Ukiona damu ya kwanza, mtie kwenye banda lenye paa na mlango, umkalishe humo wiki tatu kamili. Watu wengi hufungua wiki ya pili damu inapopungua, na hapo ndipo anaposhika mimba. Na asizae kabla ya kutimiza miaka miwili. Akifika miaka saba, basi, mwache mzee apumzike. Usipotaka azae kabisa, niite, nitamfunga kizazi. Kulinda atalinda vilevile."

Ketlogetswe alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilimwahidi mkwe," alisema.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mibaya. Mbweha walijua kwamba mlinzi hayupo. Boitshoko alichunga mwenyewe, fimbo mkononi, magoti yamevimba. Akigeukia huku, mbuzi anachukuliwa kule. Walibaki ishirini na tisa. Jioni nyingine aliketi mlangoni bila hata hamu ya kupika.

"Mbuzi watakwisha," alisema. "Mvua zikirudi hatutakuwa na kitu."

"Twende kwa mkwe," Ketlogetswe alisema. "Tiro ni mtoto wa Modisa. Tukaombe na sisi."

Walifunga punda wakaenda. Walipofika waliona kwanza madume. Yalikuwa matano, yamezunguka ua wa miiba, yakingurumiana. Ndani alikuwemo Tiro. Mwekundu wa udongo, masikio yamesimama. Boitshoko alishika ukingo wa mkokoteni. Mbavu za Tiro zilihesabika.

Mzee Moatlhodi aliwapokea kwa furaha. "Poleni kwa Modisa, wakwe zangu. Lakini msihuzunike! Tiro huyu hata miaka miwili hajafika na ameshazaa watano. Sasa anataka dume tena. Nafungua lango leo leo. Baada ya miezi miwili mna mlinzi. Chagueni hata wawili, ni wenu."

Ketlogetswe alifumbua mdomo kushukuru. Boitshoko akamwahi.

"Usifungue, mkwe."

"Ati?"

"Usifungue lango. Mfungie bandani wiki tatu. Simtaki mtoto wake sasa."

Uso wa mzee ulibadilika. "Mkwe, umekuja kuomba, nakupa, unanikatalia? Kwangu? Tiro ni mbwa wangu."

"Ni wako, mkwe. Na Modisa alikuwa wangu." Boitshoko alimtazama usoni. "Ulipokuja kuomba, nilimwona amekonda. Nilijua. Nikakuongezea chai, kwa sababu niliona haya kukunyima. Nimemuua Modisa kwa adabu zangu, mkwe. Sitamuua na mwanawe."

Mzee alimtazama Ketlogetswe, pengine akingoja mume amkanye mkewe. Ketlogetswe alitazama chini.

"Anasema kweli," alisema hatimaye. "Nilikuwa naahidi tumbo ambalo si langu."

Boitshoko akaeleza yote aliyoambiwa na Onkemetse. Mwaka mzima kati ya uzao na uzao. Safari moja kuruka. Miaka miwili kabla ya uzao wa kwanza. Mzee alisikiliza, akauliza, akabisha, akauliza tena.

"Na mbuzi wenu je, muda wote huo?" aliuliza.

"Wataliwa baadhi," Boitshoko alisema. "Nitachunga."

Mzee aliinuka. Alimshika Tiro shingoni, akamtia katika banda la kuku lililokuwa tupu, akafunga mlango kwa waya. Madume yalilia siku nyingi.

Hakuna aliyemwambia Boitshoko kwamba kungoja ni rahisi, na haikuwa rahisi. Alichunga wakati wa baridi na akachunga wakati wa jua kali. Ketlogetswe alipunguza kazi za visima, wakapokezana. Walijenga zizi jipya, refu, wakalizungushia miiba. Hata hivyo walipoteza mbuzi saba wengine. Usiku mwingine Boitshoko alijiuliza kama hakufanya ujinga. Na watu walikuwapo wa kumwambia kwamba alifanya.

Miezi saba ilipita. Siku za Tiro zikarudi, na sasa alikuwa ametimiza miaka miwili na zaidi. Onkemetse alimkagua, akampa dawa ya minyoo, akasema, "Sasa ruhusuni." Baada ya miezi miwili, Tiro alizaa watoto saba kabla ya jua kupanda. Wote saba wazima. Walikaa na mama yao ubavuni mwa zizi la mbuzi, wakanyonya mpaka wakawa na matumbo mviringo.

Wiki ya nane Boitshoko na mumewe waliitwa.

"Chagua, mkwe," alisema Mzee Moatlhodi. "Wewe kwanza, kabla ya ndugu yangu. Na mwaka huu wote, asije mtu kuniomba mwingine. Nimeshawaambia."

Watoto walimkimbilia Boitshoko, wakamng'ata upindo wa nguo. Ketlogetswe alimnyanyua mmoja, jike mzito mwenye kelele.

"Huyu! Mama Tshenolo, tazama huyu!"

Lakini Boitshoko hakuwa anatazama watoto. Alikuwa amepiga magoti kando ya Tiro, ameweka kiganja ubavuni mwake. Mgongo ulikuwa mpana. Manyoya yaling'aa. Alizitafuta mbavu kwa vidole, na ikambidi abonyeze kidogo ndipo azipate.

Kumbe ndivyo Modisa angekuwa. Mwaka mmoja tu ndio uliokuwa umetakiwa.

Aliacha mkono wake palepale ubavuni, akalia, na Tiro akamwachia.