Mwanahawa Atoka Ndani

Bi Mgeni alikuwa akiamka kabla ya adhana. Akishasali, hufagia uwanja, kisha huanika makopa ya muhogo kwenye kichanja. Kazi zote hizo alizifanya peke yake, ingawa ndani mlikuwa na binti mwenye nguvu.

"Mama, nije nikusaidie kumenya muhogo?" Mwanahawa aliuliza kutoka ndani.

"Kaa huko huko. Mikono hiyo ni ya hospitali, si ya muhogo."

Mwanahawa alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi na ukunga. Alifaulu vizuri. Alirudi kijijini kwao, upande wa Nanyamba, korosho zilipoanza kuanguka. Aliambiwa asubiri kupangiwa kazi. Korosho ziliokotwa zikaisha. Mvua za masika zikaanza. Kazi haikuja.

Bi Mgeni alikuwa mjane. Mikorosho aliyoiacha marehemu mumewe, Nassoro, ndiyo iliyomsomesha mtoto. Aliogopa hasadi. Aliogopa pia maneno ya watu: "Kasoma, kisha karudi kushika mchi!" Basi akamweka binti yake ndani kama mwali wa unyago. Asipigwe na jua. Apakwe mafuta ya nazi asubuhi na jioni.

"Siku ikija kazi, nitamtoa kwa vigelegele," alisema.

Kwetu mwali hukaa ndani mpaka siku yake. Kwa hiyo hakuna jirani aliyeshangaa.

Siku moja akaja Asia, jirani yao. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Hodi! Nasikia humu kuna mwali ananenepa tu."

"Karibu, mtani," Mwanahawa alicheka. "Na wewe je? Tumbo limetangulia, mwenyewe uko nyuma!"

"Ndiyo maana nimekuja. Kliniki nimekosa mara mbili kwa ajili ya palizi. Hebu nishike, uniambie mtoto kakaaje."

"Mshike, mwanangu," Bi Mgeni alisema kwa furaha. "Mwonyeshe ulichosomea."

Asia alilala kitandani. Mwanahawa alinawa mikono, akaweka viganja juu ya tumbo. Chuoni alikuwa akishika tumbo na kujua mara moja: hiki kichwa, haya makalio, huu mgongo. Leo alishika juu, akashika chini. Akarudia. Kitu kigumu kilikuwa juu. Au ni chini? Viganja vilikuwa laini kwa mafuta, lakini havikumwambia kitu.

"Enhe?" Asia aliuliza.

Bi Mgeni alimkazia macho binti yake, akingoja jibu.

Mwanahawa alivuta pumzi. "Asia, sina hakika. Nenda zahanati leo hii. Usingoje kesho."

Asia alipoondoka, Bi Mgeni alifoka. "Umeniaibisha! Ungesema tu mtoto yuko salama. Kwani ungepungukiwa na nini?"

"Ningesema uongo, mama, juu ya roho mbili." Mwanahawa alianza kulia. "Mikono yangu inasahau. Kazi ikija nitakwenda kumzalisha nani kwa mikono hii?"

Bi Mgeni alitoka, akaenda kugeuza makopa ambayo alikuwa ameshayageuza.

Jioni alifika Mwanakombo, nesi wa zahanati. Bi Mgeni alimtandikia mkeka.

"Nimekuja kushukuru," Mwanakombo alisema. "Mtoto wa Asia ametanguliza makalio. Anaweza kugeuka mwenyewe, anaweza asigeuke. Nimemwambia aende Mtwara mapema, akazalie hospitali. Angebaki hapa mpaka uchungu umshike, ingekuwa hatari. Asia anasema alielekezwa na mtu wa nyumba hii. Ni nani?"

"Huyu," Bi Mgeni alisema polepole, akimwonyesha Mwanahawa aliyekuwa mlangoni kwa ndani. "Kwa kuwa hakujua."

"Alijua jambo kubwa, mama. Alijua kwamba hana hakika. Lakini mbona siku hizi simwoni nje? Anaumwa?"

"Ni mwali wangu. Anangoja kazi."

Mwanakombo alitabasamu. "Mama, wewe umecheza unyago. Mwali akiwa ndani, anafanya nini?"

"Anafundwa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na anaulizwa alichofundishwa, asije akasahau."

"Na huyu wako anafundwa nini?"

Bi Mgeni alinyoosha ukingo wa mkeka. Kisha alisema, "Basi tumwachie awe anachoma watu sindano hapa nyumbani. Juzi jirani yetu Asadi alikuja na dawa yake ya dukani ili achomwe, nikamfukuza."

"Ulifanya vizuri kumfukuza. Nyumbani hapana, hata kidogo. Dawa ikimdhuru mgonjwa, nani atasaidia? Na jina la binti litaharibika kabla hajaanza. Mwanahawa, umejisajili kwenye baraza la wauguzi?"

"Ndiyo, dada. Nilipomaliza tu."

"Vizuri. Sasa omba kwa mganga mkuu wa wilaya ujitolee pale zahanati. Akikubali, utafanya kazi chini yangu. Nitashika tumbo mimi, utashika wewe, tutalinganisha. Siku za kupima watoto nimeelemewa, mama. Nahitaji mtu."

"Na mshahara?"

"Wa kujitolea haupo. Sikufichi. Ila asubuhi anaweza kuja zahanati, na jioni kumenya muhogo. Mikono ya nesi haiharibiwi na muhogo. Ananawa tu."

Mwanahawa alicheka, macho bado mekundu kwa kulia.

Bi Mgeni alitazama mlango wa nyumba yake. "Watu watacheka," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Na wacheke. Aliyenipa mtoto ni Mwenyezi Mungu, si watu."

Ruhusa ilipotoka, Bi Mgeni alifanya jambo ambalo kijiji bado kinalisimulia. Alimvika Mwanahawa sare nyeupe. Akamfunika khanga mpya kichwani, akawaita wanawake wenzake. Wakamsindikiza kwa vigelegele mpaka zahanati. Ilikuwa siku ya kupima watoto. Watoto wakashtuka, wakalia wote kwa pamoja.

"Bi Mgeni, umeniletea msaidizi au fujo?" Mwanakombo aliuliza.

"Nimekuletea mwali. Mfunde!"

Mwanahawa alifundwa. Mwanzo alikosea, akaelekezwa. Siku moja mama mmoja alilala kitandani, Mwanahawa akashika tumbo mara moja tu. "Kichwa kiko chini, mgongo upo kushoto," alisema. Mwanakombo alishika, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwita mama mwingine.

Asia alijifungua Mtwara. Mtoto hakugeuka, lakini madaktari walikuwepo. Alirudi na binti mzima, mwenye sauti kubwa.

Mikorosho ilipochanua, majina ya waliopangiwa kazi yalibandikwa wilayani. Mwanahawa alipangiwa zahanati moja ya pwani, upande wa Mnazi Bay. Asia ndiye aliyeleta habari, mbio, mtoto mgongoni.

"Bi Mgeni! Bi Mgeni! Kazi imekuja! Mwali wako anatoka!"

Bi Mgeni alikuwa akimenya muhogo, na Mwanahawa ameketi kando yake, kisu mkononi.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mgeni, akafuta mikono. "Lakini huyu alishatoka siku nyingi, Asia. Sasa anahama tu."