Ubaridi wa Chumba cha Nyuma

Gunia la dirishani lilikuwa limelowa chapachapa, na Xaveria alijua kwamba hakuna mtu aliyelimwagia maji.

Aliligusa tena kwa vidole viwili. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili mwaka 1984, jua limesimama juu ya Babati kama halitaki kusogea tena. Mabomba ya mtaa wao wa Bagara hayakuwa yametoa tone tangu Krismasi. Maji yote ya nyumba ile yalikuwa kwenye ndoo moja jikoni, aliyoibeba kichwani alfajiri kutoka kisimani Nangara, nayo haikuwa imepungua hata kidogo. Lakini gunia lilichuruzika, na chini yake, kwenye sakafu ya udongo, kidimbwi kilikuwa kimeanza kujikusanya.

Chumba kile kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi Philomena. Walikuwa wamemzika wiki tatu zilizopita.

Xaveria akatoka, akaurudisha mlango taratibu, wala hakumwambia mtu.

Fabiani, mumewe, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alihangaikia kibali cha mabati miaka miwili, na alipokipata aliezeka nyumba kwa fahari, mtaa mzima ukaja kutazama. Mbao za dari hazikupatikana. Mwaka ule hata misumari ilikuwa ya kutafuta kwa kujuana. Kiangazi kilipoingia, nyumba ikawa tanuri. Xaveria akajifunza kuipooza: alifungua madirisha kabla ya mapambazuko na kuyafunga jua likipanda, alinyunyizia sakafu maji ya kuoshea vyombo, alirundika majani ya migomba juu ya bati na kuyakandamiza kwa mawe. Na dirishani alitundika magunia ya katani yaliyoloweshwa, ili upepo ukipita uingie na ubaridi. Chumba cha nyuma kilielekea magharibi, kikaungua kuliko vyote. Gunia lake lilitaka maji mara nne kwa siku.

Bibi Philomena aliletwa kutoka milima ya Mbulu kutibiwa mguu. Kwao alizoea nyumba ya paa la udongo, ambayo hata kiangazi mtu hujifunika shuka mchana. "Mwanangu," alimwambia Xaveria, "huku mnaishi ndani ya sufuria." Akacheka. Hakuwa mama mkwe mkorofi, na hilo ndilo lililokuja kumtesa Xaveria baadaye.

Kufikia Jumapili ubaridi ulikuwa umejaa chumba kizima. Fabiani aliporudi safari akaingia kutafuta patasi, akasimama mlangoni ameduwaa.

"Mama Paskalina! Umefanyaje humu? Kama milimani kabisa!"

"Nimelowesha gunia tu," alijibu Xaveria.

Fabiani akahamishia kiti chake humo. Sijaona, jirani yao, akaja na ukili wake wa kusuka mkeka, akashinda humo akimshukuru Mungu. Na Paskalina, binti yao wa miaka mitano, akahamishia humo mwanasesere wake wa gunzi, akawa hatoki. Xaveria peke yake hakuingia. Alipita ukumbini akisikia harufu ya katani mbichi na udongo uliolowa, na kila mchana, kuanzia saa nne, alisikia kitu kingine ambacho wenzake hawakukisikia: kucha zikikwaruza ubao wa mlango, chini kabisa, upande wa ndani, polepole, kama za mtu aliyelala kifudifudi.

Alizijua kucha hizo.

Siku ile, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Fabiani alikuwa Arusha akisubiri spea ya lori. Asubuhi ikapita habari kwamba duka la mjini limeletewa khanga. Xaveria hakuwa amevaa khanga mpya tangu kujifungua. Akampeleka Paskalina kwa Sijaona, akalowesha gunia mara moja, akamwachia bibi kikombe kimoja cha maji. Halafu, kwa kuwa wezi walikuwa wengi na bibi alikuwa na tabia ya kujikokota nje kutafuta kivuli akaanguka, akafunga mlango wa chumba kwa kufuli, kwa nje. Alijiambia ni saa moja tu. Foleni ilianza saa tatu. Saa tano alikumbuka gunia. Saa sita alikumbuka tena, lakini mbele yake walibaki wanawake kumi na wawili, na nyuma yake mia, na aliyetoka kwenye mstari hakurudishwa. Alipofika nyumbani saa tisa, na khanga zake kwapani, gunia lilikuwa kavu kama ngozi iliyoanikwa. Bibi Philomena alikuwa chini, mdomo wake kwenye upenyo wa chini ya mlango, penye hewa, na ubao umejaa mikwaruzo ya kucha zake.

Hakupiga kelele. Kwanza alilowesha gunia. Akanyunyizia sakafu. Akamfuta bibi uso kwa maji, akamlaza kitandani, akaifukia kufuli kwenye jivu jikoni. Ndipo akatoka uani akapiga ukunga. Fabiani aliporudi alimwambia, "Alilala tu, Baba Paskalina. Nilikuwa nimetoka kumloweshea gunia lake." Fabiani akalia, akamshukuru kwa kumtunza mama yake. Kule kushukuriwa kulimkaa Xaveria kama mwiba wa samaki kooni.

Wiki ya nne Paskalina akaacha kutoka jasho. Watu wazima walijipepea kwa vifuniko vya masufuria, naye alicheza mashavu makavu, midomo ikigeuka rangi ya zambarau. Xaveria alimwogesha, akashtuka: mwili wa mtoto ulikuwa baridi kama mtungi uliokaa kivulini.

"Nani anacheza na wewe kule ndani?" alimnong'oneza.

"Bibi wa maji. Ananipepea. Anasema hatanifungia."

Zahanatini, muuguzi aliweka kipimajoto kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akakirudisha, akakikung'uta tena. Mwishoni alikiweka mezani akasema kimeharibika. Lakini macho yake hayakusema hivyo.

Sijaona ndiye aliyemvuta Xaveria uani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Paskalina, mimi leo nimetoka kwenye chumba kile na sirudi tena. Nimeona mtoto anazungumza, na aliyemjibu nimemsikia. Twende kwa Bi Sabaha. Padri utamwambia baadaye."

Bi Sabaha alikuwa mjane wa mfanyabiashara, mwembamba, mwenye kukohoa, anayejulikana mji mzima kwa kusoma na kutoa majini. Alikuja na chetezo chake kesho yake saa sita kamili, kwani alisema jini huyu ni wa mchana.

"Shikamoo, bibi," alisema Fabiani, ambaye hakuwa na imani na mambo hayo, lakini alikuwa amempakata mwanawe usiku kucha na kushindwa kumpasha joto.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenye chumba hiki?"

"Marehemu mama yangu."

"Maiti hawarudi," alisema Bi Sabaha. "Huyu ni mwingine."

Akamketisha mtoto katikati ya chumba, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Moshi haukupanda; ulitambaa sakafuni, ukasogea mpaka chini ya mlango na kujilundika pale, na kadiri alivyosoma ndivyo ubaridi ulivyozidi, hata pumzi zao zikawa zinaonekana, katika mji ambao nje mbwa walikuwa wanahema kwenye mitaro, na gunia likaanza kutiririsha maji kama bomba lililofunguliwa, na kucha zikaanza kukwaruza, safari hii wote wakizisikia, Sijaona akashika nguzo ya mlango na kutaja jina la Mungu, na Paskalina akafumbua kinywa, ikatoka sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu, sauti ya maji yanayobubujika kutoka kwenye shingo ya chupa.

"Niliitwa," ilisema.

"Nani alikuita?" aliuliza Bi Sabaha.

"Mtu aliita maji. Aliita tangu saa nne mpaka saa nane. Hakuna aliyekuja. Nikaja mimi. Nikampooza. Sasa nampooza huyu."

Fabiani aligeuka. "Mama aliita maji? Mama si alilala?"

"Toka kwa amani," Bi Sabaha alisema. "Unataka nini?"

"Mlango ulifungwa kwa nje. Aliyeufunga anajua. Akisema, natoka. Akinyamaza, ninaendelea."

Midomo ya mtoto ilikuwa nyeusi. Xaveria aliona kope zake zikishikana kwa umande. Alijua angeweza kunyamaza sekunde moja zaidi. Alijua pia kwamba ameshanyamaza namna hiyo mara moja, mbele ya dirisha la duka, huku mtu akiita.

"Ni mimi," alisema. Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba Paskalina, ni mimi. Nilimfungia kwa kufuli nikaenda foleni ya khanga. Hakulala. Nilimkuta mlangoni. Gunia nililowesha akiwa ameshakufa, ili nikudanganye."

Fabiani akauliza jambo moja tu.

"Ulimwachia maji ya kunywa?"

"Kikombe kimoja."

Hapo kitu kikapita kati yao, kizito na kibichi, kikawalowesha nguo, kikatoka dirishani. Gunia likakauka mbele ya macho yao, likakunjamana. Joto likaingia kwa mkupuo kama mtu aliyefunua tanuri, bati likalia juu, na Paskalina akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, jasho likimtiririka mgongoni. Bi Sabaha akaegemea ukuta akikohoa. Hakutaka kupokea chochote. Alisema tu, "Jini nimemtoa. Hayo mengine si kazi yangu."

Jioni Fabiani alimwambia Xaveria. "Kesho tunapanda Mbulu. Utawaambia dada zangu kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Aliwaambia dada hao watatu wakiwa wamesimama mbele ya boma, ukungu ukiteremka, wote wamejifunga shuka. Alipomaliza, dada mkubwa, Martina, alimwita Paskalina, akamgusa paji la uso, akamwingiza ndani kumpa maziwa. Kisha akarudi.

"Mwaka mzima hutaingia nyumba ya mtu wa ukoo wetu," alimwambia Xaveria. "Hutakula chombo kimoja na sisi, hutashika mtoto wa mtu. Ndivyo tunavyofanya huku mtu akiwa na kifo mikononi. Mwaka ukiisha, uje. Tutakusikiliza tena."

"Nitakuja, dada."

"Usiniite dada bado."

Walimletea ugali kwenye kipande cha kibuyu, ukawekwa chini, mbali. Xaveria aliula nje ya ua, upepo wa milimani ukimpenya mpaka mifupani, akisikia ndani mwanawe akicheka na shangazi zake karibu na moto. Fabiani alitoka mara moja kumtazama. Alisimama hapo kidogo. Kisha akavua shuka lake, akaliweka juu ya jiwe mahali ambapo mkono wa Xaveria ungelifikia, akarudi ndani.