Mama Mkwe wa Meza ya Rami

"Wewe ndiye yule mcheza karata wa stendi?"

Mzee Manyanda aliniuliza hivyo kabla sijakalia kiti vizuri. Mshenga wangu, baba mdogo Nyanda, akakohoa kikohozi ambacho asubuhi hakikuwepo. Mimi Makoye, fundi pikipiki wa mtaa wa Shanwe, niliyekuja kumposa Nyanzala kwa shati jipya, jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

Simu ikatetema mfukoni. Meseji ya Nyanzala, kutoka jikoni: "Usimdanganye. Baba anachukia uongo kuliko karata."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nacheza rami."

"Kamari!"

"Hatuwekei hela. Anayefungwa ananunua chai."

"Unacheza na nani?"

Nikafungua mdomo. Hapo hapo mlango wa jikoni ukafunguka, mama yake Nyanzala akatoka kutusalimia. Nikaufunga mdomo.

Alikuwa Mama Maziwa!

Jamani, ngoja niwaambie huyu mama ni nani. Anauza maziwa pale stendi ya Mpanda, akimaliza anakaa kwenye meza ya muuza chai kusubiri gari la kurudi kijijini. Jina lake halisi hatukuwahi kuuliza. Kwenye rami unapewa karata kumi, unaokota moja na kutupa moja, mpaka uzipange tatu tatu au nne, za namba ileile au za kufuatana za aina moja. Ukimaliza unashusha, umeshinda. Sisi wanaume tulikuwa tunaokota kila kilichotupwa kama kuku. Yeye hapana. Karata ya wazi aliigusa pale tu ilipokamilisha mpango wake, hivyo hukujua anatafuta nini. Wafalme na malkia aliwatupa mapema, maana mwenzio akishusha wakiwa mkononi mwako, wanakuhesabia pointi nyingi za hasara. Sita na saba alizishikilia, kwa sababu zinaunganika juu na chini. Na kila karata iliyotupwa aliikumbuka. Nilimpenda mama yule kama mwalimu wangu.

Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe wake hata kutazamana usoni ni aibu. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nampigia kelele, "Mama Maziwa, leo unakamuliwa wewe!"

"Nimekuuliza, unacheza na nani?" Mzee Manyanda akarudia.

Ningesema kweli, ningevuruga nyumba ya watu. Ningedanganya, ningemkosa Nyanzala.

"Baba, nacheza na mtu ninayemheshimu sana. Sitamtaja."

"Basi na binti yangu hutampata. Nyanda, mnyanyue kijana wako mwende."

Baba mdogo akasimama. Nikamsikia Nyanzala anaanza kulia huko jikoni.

"Anacheza na mimi," mama akasema.

"Na nani?"

"Na mimi, Baba Nyanzala."

"Wewe si unakuwa unasubiri gari?"

"Maziwa yanaisha saa tano, gari linaondoka saa nane. Ulitaka nikae nahesabu mabasi?"

"Umeanza lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Mzee Manyanda akavua kofia, akaivaa tena.

"Na ulijua huyu anamtaka Nyanzala?"

"Nilijua. Nyanzala alinionyesha picha yake kwenye simu. Siku alipokuja kukaa pale mezani nikamtambua. Yeye hakunijua."

"Mkwe wako! Mnakaa meza moja, mnacheka!"

"Alikuwa hajaleta hata ndama. Mkwe gani?"

Baba mdogo Nyanda akarudi kukaa, taratibu, kama mtu aliyeona mambo bado.

"Nisikilize, mume wangu," mama akaendelea. "Siku moja nilikwenda kununua vocha, karata zangu nikaziacha mezani zimefunuka. Makusudi. Niliporudi nikazikuta zimefunikwa kwa kofia ya huyu kijana."

"Angeweza kuchungulia kwanza, ndiyo akafunika."

"Hata mimi niliwaza hivyo. Tukaendelea kucheza. Nilikuwa na tano na sita za kopa, nne yake ilishatoka, nasubiri saba tu nishushe. Akawaza, akawaza, akaitupa saba ya kopa mbele yangu. Aliyeona karata zangu asingeitupa ile hata kwa viboko. Nikamfunga. Akacheka, akaenda kuninunulia chai."

Miezi mitatu nilidhani nacheza karata, kumbe mwenzangu anapima mkwe, na usoni hakuonyesha hata chembe. Nimeona watu wenye akili, lakini mama huyu ni habari nyingine.

"Na leo umembana, hajanitaja," akamalizia. "Unataka kijana wa namna gani tena?"

Mzee Manyanda akanigeukia.

"Kijana, unajua ukimchukua Nyanzala, kukaa meza moja na mama yake basi?"

"Najua, baba."

Iliniuma, sisemi uongo.

"Na wewe, Mama Nyanzala?"

"Mimi nilishachagua pale nilipofungua mdomo. Wa kucheza naye nitapata. Wa kumpa mwanangu nimemwona huyu."

Kigelegele kikapasuka jikoni. Nyanzala mwenyewe, bi harusi mtarajiwa, ndiye aliyekipiga, na baba yake akashindwa kujizuia, akacheka.

Tulioana mwezi wa nane, baada ya mavuno. Sasa tukienda kusalimia, mama anakaa ndani mezani, mimi nje chini ya dirisha, pazia limeshushwa, na rami inaendelea. Hatuonani, mila haijaguswa. Mwanzoni Nyanzala ndiye aliyekuwa anabeba karata kuingia na kutoka. Alipojifungua, kazi hiyo akaichukua Mzee Manyanda.

"Mimi sichezi," anasema kila mara. "Nabeba tu."

Jumapili iliyopita nikampa nane ya shupaza akaitupe. Akaitazama, akachungulia dirishani, akaniinamia sikioni.

"Usitupe hiyo. Anaisubiri."

"Baba!"

"Nakusaidia, mwanangu."

"Imeshatoka mkononi, baba. Mpelekee."

Akaondoka ananung'unika. Punde nikasikia karata zinashushwa kwa kishindo mezani, na kile kicheko cha mama nilichokizoea stendi.

"Mwambie mkwe," mama akasema kutoka ndani, "chai yangu asisahau sukari."